Singa za Fahali wa Mkwe

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wenye hela zao njia ngumu ya kukamata samaki, halafu kuwafundisha namna ya kumrudisha majini akiwa mzima. Ukiielewa sentensi hiyo mara ya kwanza, basi wewe si mtu wa Mara. Majirani zangu kule Bweri wameisikia miaka yote hii na bado wanaamini kuna kitu nawaficha. Mmoja alinivuta pembeni siku moja, kwa upole kabisa, akaniuliza kama hao wageni wangu walifukuzwa kwao.

Nilizaliwa kijiji cha rasini, upande wa Majita, katika nyumba ya wavuvi wa nyavu. Kwetu samaki akishaingia mtumbwini safari yake imeisha, linalobaki ni kujadiliana kama atakaangwa au atachemshwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alivua maisha yake yote na hakumwachia samaki hata mmoja kwa hiari. Waliomponyoka aliwataja kwa uchungu mpaka uzeeni, kila mmoja na mahali alipoponyokea. Mimi mwanawe ndiye nalipwa mshahara kwa kuachia, na kwa kweli nashukuru hakuishi kuyaona.

Niliingia kwenye kazi hii kupitia injini. Nilikuwa dereva wa boti katika kambi ndogo ya wageni nje kidogo ya Musoma, na kiongozi wa uvuvi waliyemwagiza kutoka mbali akashikwa na malaria kabla hajalowesha hata mshipi mmoja. Akawa ananielekeza kutoka kitandani kupitia dirishani: shika ufito wa kuvulia hivi, mkono usipite sikio, acha mshipi unyooke nyuma kwanza ndipo uurushe mbele. Nikafanya mazoezi uwanjani, narusha mshipi usio na ndoano juu ya majani, mpishi amesimama mlangoni na mwiko wake ananitazama. Jioni hiyohiyo mpishi alikwenda kuwatangazia watu Nyakato kwamba dereva wa boti ameanza kuvua kuku.

Yule kiongozi alipopona alikwenda zake kwao, nadhani kufuata mahali pasipo na mbu, nami nikarithi kofia yake. Ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Wageni wanakuja na vifaa ambavyo kwa bei yake baba yangu angenunua nyavu za kijiji kizima. Fito zinakaa ndani ya mirija kama dawa za hospitali. Kuna fulana zenye mifuko juu ya mifuko, na mgeni hajui kamwe mkasi wake uko mfuko gani. Kuna miwani ya kuonea samaki ndani ya maji, ambayo wanaivaa pia wakati wa chakula cha mchana. Na kuna zile suruali za mpira zinazopanda mpaka kifuani, za kusimamia majini. Nimechoka kueleza kwamba ziwa letu lina mamba, na kwamba mamba wetu si watu wa kuchagua kitambaa. Wanatingisha kichwa, wanazivaa, wanakaa nazo ndani ya boti wakitokwa jasho mpaka jioni.

Chambo chenyewe si chambo unachokijua. Ni ndoano iliyovalishwa manyoya na nyuzi za kung'aa mpaka ikiingia majini ifanane na furu, yule samaki mdogo wa kwenye mawe ambaye sangara humpenda kuliko sisi tunavyompenda sangara. Wageni wanakiita strima. Unakirusha karibu na jiwe, unakiacha kizame, kisha unavuta mshipi kwa mkono, kidogo, kidogo, halafu unatulia. Kutulia ndiyo kazi yenyewe. Furu aliyeumia hakimbii moja kwa moja. Anajikongoja, anasimama, anajikongoja tena, na sangara anamfuata nyuma bila haraka yoyote. Anapiga wakati chambo kimesimama. Hapo mgeni wa taifa lolote anafanya kosa lilelile: anauinua ufito juu kwa furaha, na chambo kinamchomoka samaki mdomoni. Nimesema "usiinue, vuta kwa mkono" kiasi kwamba nahofia ndilo litakuwa neno langu la mwisho kitandani, na padri ataondoka akidhani ni mambo ya kiroho.

Sasa, kwa wageni manyoya ya kutengenezea vyambo hivyo yanauzwa dukani, yamesafishwa, yamefungwa kwenye vifuko. Musoma hakuna duka hilo na sitarajii kuliona. Wenzangu wa kazi hii duniani wanasafiri kufuata mito, wanapigwa picha wakiwa na theluji nyuma yao. Mimi nasafiri kufuata mikia.

Butiama ninaye mjomba wangu, katekista mstaafu, mtu wa maneno mengi na majogoo mazuri. Manyoya ya shingo ya jogoo ni mali kwa kazi yangu, ila mjomba hachinji jogoo bila mgeni, kwa hiyo ilinibidi niwe mgeni mara kwa mara. Nimekula nyama ngumu ya majogoo wazee wa Butiama kwa ajili ya sayansi, na sijawahi kulalamika mbele ya watu. Singa za mbuzi, nywele ndefu za mkia, nilizitafuta kwenye mnada wa Bunda. Na sokoni Bunda ndiko nilikonunua nywele za bandia wanazosukia kina mama, na nyuzi za kung'aa za mashera ya harusi.

Hizo nyuzi zilikuwa za fundi cherehani mmoja, dada wa umri wangu au pungufu kidogo, mwenye kibanda pembeni mwa wauza nyanya. Siku ya kwanza nilichagua nyeupe, ya fedha na ya kijani, kila moja kipande kidogo, na nikawa nazinyoosha kwenye mwanga.

"Kaka, unamshonea nani?" akauliza.

"Samaki."

Akanitazama, hakucheka. "Vipimo vyake umechukua?"

Tangu hapo nilianza kuishiwa nyuzi haraka sana. Kambi ikashangaa jinsi nilivyokuwa mwepesi wa kujitolea kwenda Bunda, hata kwa vitu vinavyopatikana Musoma mjini. Na kila nilipofika yeye alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali. Sijawahi kumshinda kwa maneno, na niseme wazi, nilipenda kushindwa.

Alikuwa amewahi kuolewa. Nililijua hilo kabla hajaniambia, kwa sababu muuza nyanya wa jirani yake alinieleza bila kuulizwa, huku ananipimia nyanya. Mume alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na mkono mzito. Fundi wangu alirudi kwa baba yake na mkono wa kushoto umevunjika, ukaunga vibaya, na mpaka leo haunyooki sawasawa. Kitambaa anakisukuma kwa kiwiko.

Baba yake alifanya jambo ambalo Bunda walilisimulia kwa muda mrefu. Alifungua zizi akawaswaga ng'ombe wote wa mahari mpaka kwa yule mkwe wake, pamoja na ndama waliozaliwa hapohapo nyumbani, ili asije akadaiwa neno. Akabaki na zizi tupu, na ndama mmoja mweupe aliyezaliwa na ng'ombe wake mwenyewe. Watu walicheka sana. Walimwambia mkono huwa unapona, ng'ombe hawarudi. Yeye akamlea yule ndama.

Nilipoamua kuposa, mshenga alikuwa mjomba wangu wa Butiama. Hakukuwa na mwingine. Tulikwenda kijijini kwao, mwendo wa bodaboda kutoka Bunda mjini, mjomba amevaa koti la mazishi kwa sababu ndilo zuri. Mzee alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, Jumapili anakwenda kanisani na siku nyingine zote anaabudu zizini. Tukaamkiana, tukapewa chai, kisha akanigeukia.

"Sasa wewe kijana, unafanyaga kazi gani?"

Mjomba akadakia. "Mzee wangu, huyu kijana yuko kwenye sekta ya utalii, upande wa maji, ni mtaalamu ambaye hata wazungu..."

"Nimemuuliza yeye."

"Navuaga samaki, baba," nikasema.

"Vizuri. Unauzaga wapi?"

"Siuzagi. Tunawaachia."

"Wanakuwa wameoza?"

"Hapana baba, wazima kabisa."

"Wadogo?"

"Wakubwa ndiyo tunatafutaga."

Akaweka kikombe chini. "Binti yangu mara ya kwanza nilimpa mtu wa hasira," akasema polepole. "Sasa huyu analetewa mtu wa..." Akatafuta neno, akalikosa, akaishia kunyoosha kidole kwenye kichwa chake mwenyewe. Kisha akatuambia turudi kwetu, atafikiri, atatuita.

Nilimweleza fundi kibandani kwake. Safari hii hakutania. "Baba akisema hapana, mimi sitabishana naye," akasema. "Alitoa ng'ombe zake zote kwa ajili yangu. Sasa nimwambie nini?" Nikamwambia sitaki abishane. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ziwani.

Tuliitwa katikati ya wiki ambayo nilikuwa na mgeni mgumu. Alikuwa amesafiri kutoka mbali kufuata sangara mkubwa, na sangara wa wiki hiyo walikuwa wamekubaliana kukataa kila kitu isipokuwa chambo kirefu cheupe. Nywele za bandia zilikuwa zinajisokota kwenye ndoano. Singa za mbuzi zilikuwa fupi. Nilibakiwa na chambo kimoja cheupe, nikamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, na kwa mrusho wake wa kwanza akakitundika juu ya mti kisiwani, ambako nina uhakika bado kipo na ndege wanakistaajabia. Nikaomba ruhusa ya siku moja ya mambo ya kifamilia. Mgeni akanipa pole, akidhani ni msiba.

Mjomba alitangulia Bunda mjini kununua kreti ya soda, maana hakwendagi kwa mtu mikono mitupu. Mimi nikafika kijijini kabla yake. Sikuona mtu uani. Nikapita kando ya zizi, na hapo ndipo nilipomwona kwa karibu, kwa mara ya kwanza, yule ndama mweupe, sasa fahali mzima. Alikuwa amelala, anacheua, mkia ameutupa nje ya fito za zizi. Ulikuwa mweupe mpaka ncha. Singa zake zilikuwa ndefu, laini, zimenyooka bila kujisokota. Miaka yote ile nilikuwa nakula majogoo ya Butiama, kumbe bidhaa yenyewe inafukuzia nzi hapa.

Mtu mwenye akili, aliyekuja kusikia jibu la posa yake, angesimama pale akaomba. Mimi nilikuwa na mkasi na kitana begini, kama kawaida yangu. Nikachana kwanza. Halafu nikakata kishungi, si kikubwa, na yule fahali hata hakugeuka. Nikawa nakinyoosha kwenye mwanga na kujiambia kwamba sangara wa Musoma sasa wamekwisha.

"Dume yangu unaipeleka wapi?"

Mzee alikuwa nyuma yangu.

Kwetu rasini mkia wa ng'ombe ni mkia wa ng'ombe. Kwa wafugaji wa kule, mtu anayechukua singa za mkia wa fahali wako kwa siri anajulikana anachotaka: anakwenda nazo kwa mganga, na baada ya hapo mifugo yako inamfuata yeye mmojammoja. Sikuwa nalijua hilo. Nililijua ndani ya muda mfupi sana, kwa sababu jirani aliyekuwa analima pamba shamba la pili alisikia, akaja na jembe lake, na wengine wakaja nyuma yake, na kila mmoja alinieleza kwa lugha yake. Mimi nikaeleza kuhusu furu, kuhusu sangara, kuhusu umuhimu wa rangi nyeupe maji yakichafuka. Naomba uamini kwamba hakuna maelezo mabaya zaidi ya hayo ukiwa umeshika mkasi nyuma ya ng'ombe wa mtu.

Wakati huohuo mjomba akashuka kwenye bodaboda na kreti ya soda, ametabasamu, akaanza, "Wazee wangu, furaha iliyoje kuwakuta wote pamoja!"

Mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alininyang'anya zile singa, akazifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Hizi zitakaa na mimi," akasema. "Unasema zinavuaga samaki. Sawa. Nitakuja huko kwenu uzitumie mbele ya macho yangu. Nikikuta ni uongo, hapa usikanyage tena, na sokoni kwa binti yangu usionekane."

Fundi alikuwa amekwisha kusikia kabla sijafika mjini. Alisimamisha cherehani.

"Nina kibanda kizima cha nyuzi," akasema. "Ukaenda kukata dume."

"Zilikuwa nyeupe sana," nikajitetea.

"Na akili yako ilikuwa rangi gani?" Halafu macho yakamjaa machozi, na hilo sikulitegemea. "Yule ndiye peke yake alimbakia. Si unajua? Ndiye peke yake." Nilitamani nimwambie neno la maana. Nilisema samahani, nikasimama pale na begi langu kama mpumbavu, mpaka muuza nyanya akaniambia niende nikapumzike.

Mgeni wangu alimaliza wiki yake bila sangara mkubwa, akaondoka akiniandikia maneno mazuri kuhusu machweo. Mwisho wa wiki ile nikaazima boti ya kambi, nikawasubiri wazee wangu wawili, mzee na mjomba, stendi ya Musoma.

Mzee alishuka kwenye basi na koti lake, buti za mpira na fimbo ya kuchungia. Hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini. Nilimvisha jaketi la kuokolea maisha juu ya koti, akalivumilia, lakini fimbo alikataa kuiacha. Tukaenda mwaloni Mwigobero, mitumbwi inakoshushia samaki, tukapita katikati ya kina mama wa samaki, na wale vijana wanaoniita Mtakatifu kwa sababu ya kuwasamehe sangara wakanisalimia kwa jina langu hilo. Mzee akageuza kichwa, hakuuliza.

Chambo nilikitengeneza palepale botini, ufukweni, mbele yake. Alifungua leso akawa ananipa singa chache chache, anafuatilia kila moja ilipokwenda. Nikazifunga kwenye ndoano, nikaongeza uzi wa fedha ambao binti yake mwenyewe aliniuzia, nikabandika macho mawili. Nilipokilowesha kikajibana, kikawa samaki. Mzee alikiangalia kwa muda mrefu. "Hii ndiyo unakatia dume ya mtu," akasema, na sikujua kama ni swali.

Tulipofika kwenye mawe, mjomba alikuwa ameshaacha kuhubiri. Alikuwa ameinama ukingoni, anarudishia ziwa kifungua kinywa cha Butiama. Nikarusha mara kadhaa, nikaonyesha: kizame, vuta, vuta, tulia. Hakuna kitu. Nikahamia jiwe la pili, hakuna kitu, la tatu hivyohivyo. Mtu anaweza kuvua hapo kila wiki na kupata, lakini siku mkwe amekaa nyuma yako na fimbo, samaki wote wamekwenda mkutanoni. Jasho likawa linanitoka nami sina hata suruali ya mpira.

"Nipe," mzee akasema.

"Baba, hii ina ufundi wake kidogo..."

"Dume ni yangu. Nipe."

Nikampa. Mrusho wake wa kwanza ulichukua kofia ya mjomba. Wa pili ulizunguka fimbo ya kuchungia. Wa tatu ulianguka kama kikapu cha nguo karibu na jiwe, na wakati tunatatua mshipi miguuni mwake, chambo kikapata nafasi ya kuzama vizuri, jambo ambalo wageni wangu hawakipi kamwe. Akavuta kidogo. Akavuta tena. Kisha akageuka kumuuliza mjomba kama atakufa, na chambo kikatulia.

Sangara akakipiga.

Sitasema mzee alikuwa na kipaji. Alikuwa tu hajafika darasa la kujifunza lile kosa. Hakuinua ufito, kwa sababu hakujua kazi ya ufito ni nini. Alishika mshipi kwa mkono akauvuta kama kamba ya ng'ombe mkaidi, na ndoano ikaingia. Baada ya hapo boti nzima ilikuwa ni kelele. Mshipi ulimkata vidole, alitukana kwa kilugha chao, sangara akaruka akitikisa kichwa, mjomba akafufuka. Nilimsogeza samaki ubavuni, nikamshika mdomo wa chini. Alikuwa mkubwa kuliko wote ambao yule mgeni wangu angeweza kuwaota. Pembeni mwa mdomo zilining'inia singa nyeupe za fahali.

"Mungu ni mwema!" mjomba akasema. "Kichwa cha mzee, mkia kwa mama mwenye nyumba, katikati..."

Mimi pia nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyohiyo. Siku hiyo hapakuwa na mgeni wala sheria ya kambi. Ukimpelekea mkwe samaki kama yule, tena aliyemvua mwenyewe, mambo mengi yanasahaulika. Nikaanza kumnyanyua.

"Subiri," mzee akasema. Alikuwa anahema. "Mimi sikuja kula. Nimekuja kuona kazi yako. Fanya vile unavyofanyaga."

"Baba, huyu ni wa kwako, leo siyo lazima..."

"Fanya."

Basi nikafanya. Nikachomoa ndoano majini bila kumtoa. Nikamshika mdomo kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikauweka chini ya tumbo, nikamgeuza aelekee upepo, nikawa namsukuma taratibu mbele ili maji yapite mashavuni. Alikuwa amechoka sana, analala ubavu. Kila akilala namwinua. Nina tabia ya kuongea na samaki wakati huo, tabia ambayo wageni wanaipenda na ambayo mbele ya mkwe ningetoa kitu chochote nisiwe nayo, lakini mdomo ukajiendea wenyewe: taratibu mama, vuta pumzi, hakuna anayekufukuza, ukiwa tayari utaniambia. Ilichukua muda. Nilipoinua macho nilimkuta mzee haangalii samaki. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Mwishowe mkia ukagonga maji, mara moja, kwa nguvu, na sangara akashuka chini kwenye giza la mawe. Mjomba alitoa sauti ambayo nilidhani anatapika tena.

Nikageuza boti kurudi mwaloni. Nilikuwa na hakika nimekwisha. Nilipanga njia ambazo nitakuwa napita Bunda bila kukatiza sokoni. Tulipogusa ufukwe wale vijana wakatukimbilia, wakachungulia botini, wakaona chambo kimoja na mzee aliyelowa.

"Mtakatifu! Leo umemwachia mkubwa kiasi gani?" Na mama mmoja mwenye beseni akadakia, "Sasa mpaka mzee wa watu unamtoa kwao aje kuona kitoweo kinaondoka? Mzee, pole!" Mwalo mzima ukaangua kicheko.

Mzee alisimama pale akiwasikiliza, jaketi bado limemkaba juu ya koti. "Hawa wanakuchekaga hivi kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku, baba."

"Na wewe unaachia tu?"

"Naachia tu."

Akatingisha kichwa polepole. "Mimi walinicheka msimu mzima," akasema. "Siku ile nilifungua zizi, mpaka watoto walikuja barabarani kuniangalia nikipita na ng'ombe." Akatia mkono ndani ya koti, akatoa leso yenye singa zilizobaki, akanipa. Kisha akaanza kuhangaika na vifungo vya jaketi, nami nikamsaidia. "Jumamosi uje na watu wako tuongee," akasema. "Na huyu mjomba wako, mpeni chai ya rangi."

Niliwasindikiza mpaka Bunda kwa basi lilelile. Mzee alishukia njia ya kijijini kwao, mjomba alikuwa amelala amefungua mdomo, nikamwacha na kukimbilia sokoni kabla hapajafungwa. Fundi aliniona tangu mbali. Alikuwa anashona gauni la mtoto na hakuacha kukanyaga cherehani.

"Samaki alipatikana?"

"Amemvua baba mwenyewe. Mkubwa sana."

"Yuko wapi?"

"Ziwani. Aliniambia nimwachie."

"Kwa hiyo sasa mko wawili," akasema. "Haya, na jibu?"

"Amesema Jumamosi nije na watu wangu." Nikangoja, lakini ilibidi nimwambie na lile lingine. "Amesema na yeye walimcheka, siku ile aliyowatoa ng'ombe."

Cherehani ikasimama. Ule mkono wake usionyooka ulikuwa juu ya kitambaa, akauangalia, akaufunika kwa mkono wa pili. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikamsubiri ajibu. Muuza nyanya naye alikuwa anasubiri. Kisha fundi akavuta futi yake ya kupimia, akaniambia nisimame anichukue vipimo.